Sauti ya Mwanafunzi Darasani: Historia ya Kusema na Kunyamaza katika Shule za Mombasa

Utangulizi

Malalamiko ya kwamba wanafunzi hawasemi darasani ni ya siku nyingi katika Pwani ya Kenya. Mwalimu huuliza swali, darasa likanyamaza; akilirudia, watatu wa safu ya mbele wakainua mikono, na waliosalia wakainamia madawati yao. Sababu inayotolewa mara nyingi ni malezi. Inasemekana kwamba mtoto wa Kiswahili hufunzwa nyumbani asijibizane na mkubwa, asimkazie macho mwalimu, wala asitangulie kusema kabla ya kuulizwa, na kwamba adabu hiyo humfuata hadi shuleni ikamfunga kinywa.

Maelezo haya yana sehemu ya ukweli, lakini hayatoshi. Mtoto huyo huyo, akitoka uwanjani wakati wa mapumziko, husimulia, hutania, hutega vitendawili na kushindana na wenziwe kwa maneno pasi na kuona haya. Akirudi nyumbani huulizwa habari za mchana kutwa, naye huzieleza mbele ya mama na shangazi bila ya kukosa adabu. Ikiwa malezi ndiyo yaliyomnyamazisha, mbona hayamnyamazishi mahali pengine isipokuwa ndani ya kuta nne za darasa?

Makala haya yanalitazama swali hilo kwa njia ya historia. Mahali palipochaguliwa ni kisiwa cha Mombasa, na hasa mtaa wa Ganjoni, ulio kusini mwa kisiwa, baina ya Mji wa Kale na bandari ya Kilindini. Ganjo, katika Kiswahili, ni mahame, yaani mahali palipokaliwa kisha pakahamwa. Lakini Ganjoni ya karne ya ishirini ilikuwa kinyume cha mahame. Hapo walikutana watu wa asili mbalimbali, na shule za mtaa huo na mitaa ya jirani zikawa mahali ambapo lugha nyingi zilikaa dawati moja. Hoja inayotetewa ni kwamba kimya cha darasani hakikuletwa na mtoto kutoka nyumbani. Kilijengwa kidogo kidogo, kipindi baada ya kipindi, kwa maamuzi yaliyofanywa juu ya mambo matatu: lugha gani iruhusiwe, nani awe msikilizaji, na kosa lifanyiwe nini.

Sauti ya chuoni

Kabla ya kufunguliwa shule za wamisheni na za serikali, elimu ya mtoto wa Mvita ilianzia chuoni. Desturi ya kumtia mtoto chuoni imeelezwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari katika maandishi yake juu ya desturi za Waswahili, yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Maelezo hayo ni ya Mrima, lakini mambo yake ya msingi yalifanana pwani yote: mwalimu mmoja, watoto wa umri mbalimbali mahali pamoja, ubao wa kuandikia, na masomo yaliyosomwa kwa sauti.

Mgeni aliyepita karibu na chuo alisikia kelele tu. Watoto ishirini au thelathini walisoma kwa mara moja, kila mmoja mahali pake: huyu yuko katika herufi, yule anatia irabu, wa tatu amefika juzuu ya Amma. Wengi walioandika juu ya vyuo waliishia kwenye kelele hizo, wakahukumu kwamba hapakuwa na elimu bali kukariri. Hukumu hiyo ina haki yake. Mtoto alisoma maneno ya Kiarabu ambayo maana yake hakuijua, naye hakutazamiwa kuuliza. Zaidi ya hayo bakora ilikuwapo, na haifai kuisahau.

Hata hivyo kelele za chuoni zilikuwa na utaratibu wake. Sikio la mwalimu lilizoea kutenga sauti moja katika sauti nyingi. Aliyekosea alirudishwa papo hapo, na wenziwe hawakumcheka kwa kuwa kila mmoja alishughulika na somo lake. Wakubwa waliwasomesha wadogo. Basi chuo kilikosa mambo mawili makubwa, yaani maana na swali. Lakini kilikuwa na mawili ambayo shule ya baadaye iliyapoteza. Kwanza, sauti ya kila mtoto ilisikika kila siku, si ya hodari peke yao. Pili, kosa lilikuwa jambo la kawaida la kusahihishwa, wala halikuwa tamasha mbele ya hadhara iliyonyamaza.

Nje ya chuo, mji wenyewe ulikuwa mji wa maneno. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa kuanzia mwisho wa karne ya kumi na nane hadi karibu na 1840, alitunga mashairi yaliyoingia moja kwa moja katika ugomvi wa siasa wa zama za Wamazrui, yakijibu na kujibiwa. Mashairi hayo yalihifadhiwa vichwani mwa watu kabla ya kukusanywa na Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na hatimaye kuchapishwa na William Hichens mwaka 1940. Wala maneno hayakuwa ya wanaume peke yao. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameonyesha jinsi vyama vya lelemama vilivyoshindana kwa nyimbo za mafumbo na za vijembe. Mtoto aliyekulia katika mji kama huo hakuweza kuwa mtoto asiyejua kusema. Alijua kusema kwa fumbo, kusema kwa zamu na kusema kwa kujibu. Lililobaki ni kama shule ingemfungulia mlango aingie na ujuzi wake huo.

Waliotambua haja ya kuunganisha kusoma na kufahamu hawakuwa wageni tu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932. Katika magazeti hayo aliwahimiza Waislamu wa Pwani waifuate elimu, kwa wavulana na kwa wasichana, na aliwahimiza kwa Kiswahili, lugha waliyoweza kuifahamu na kuijadili. Kwa maneno mengine, suala la lugha na ufahamu lilikwisha kuzungumzwa Mombasa na watu wa Mombasa muda mrefu kabla ya kufika wataalamu wa mbinu za kufundisha.

Swali la mwalimu na jibu la mwalimu

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1875 jumuiya yake ya wamisheni ilianzisha makazi ya Frere Town upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Shule za wamisheni zilileta namna mpya ya mazungumzo, nayo ni ya katekisimu. Hapa swali liliingia darasani kwa mara ya kwanza, lakini liliingia likiwa limefuatana na jibu lake. Mwalimu aliuliza lililoandikwa, na mwanafunzi akajibu lililoandikwa. Sauti ya mtoto ilitakiwa, ila maneno hayakuwa yake.

Namna hiyo ilihamia katika masomo mengine. Serikali ya kikoloni ilifungua shule ya Waarabu na Waswahili mjini Mombasa mwaka 1912, na elimu ya koloni zima ikajengwa juu ya msingi wa rangi: shule za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika. Zote zilishiriki mpangilio mmoja wa darasa. Watoto walikaa safu kwa safu wakielekea ubao mmoja. Mmoja alisimama akasema, na waliosalia wote wakanyamaza wakimsikiliza. Ukilinganisha na chuo, jambo lililobadilika ni msikilizaji. Chuoni mtoto alisomea sikio la mwalimu, shuleni alisemea masikio ya darasa zima. Aliyekosea chuoni alirudishwa. Aliyekosea shuleni alichekwa. Kuanzia hapo kunyamaza kukawa busara, kwa kuwa asiyesema hakosei mbele ya watu.

Kimvita mbele ya Kiswahili sanifu

Kwa mtoto wa Mji wa Kale palikuwa na tatizo la ziada ambalo halikuwapata watoto wa bara. Mkutano uliofanyika Mombasa mwezi wa Juni 1928 ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika ya Mashariki, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930 ikapewa jukumu la kusanifisha maandishi na vitabu. Kimvita, ambacho kilikuwa na fasihi yake na watetezi wake, wakiwamo baadhi ya wamisheni, kilibaki kuwa lahaja. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba uamuzi huo ulifanywa katika mji wenyewe wa Kimvita.

Manufaa ya usanifishaji hayakanushiki. Bila ya huo pasingepatikana vitabu vya pamoja wala mtihani wa pamoja. Lakini darasani ulizaa jambo ambalo wasanifishaji hawakulikusudia. Mtoto wa Mvita aliyesema ndia alirekebishwa aseme njia. Aliyesema mato aliambiwa macho. Mtele ukawa mchele, kuteka kukawa kucheka, na matozi yakawa machozi. Tena maandishi sanifu hayakuweka alama ya mpumuo, ingawa kwa msemaji wa Kimvita mpumuo hutenga maana: paa la nyumba si p'aa wa mwituni, kaa la moto si k'aa wa pwani, na tembo la mnazi si t'embo mwenye mkonga. Mwalimu aliyetoka sehemu nyingine huenda hakuisikia tofauti hiyo hata kidogo, naye akamsahihisha mtoto ambaye hakukosea.

Hapa haifai kuilaumu lahaja wala sanifu. Lililokosekana ni kupambanua kosa na tofauti. Kosa ni kinyume cha kanuni ya lugha. Tofauti ni kanuni ya mahali pengine. Mwalimu aliyeviita vyote viwili kosa alimfundisha mtoto kwamba lugha ya mama yake ni Kiswahili kibovu. Matokeo yake ni kwamba kipindi cha Kiswahili, ambacho kingepaswa kuwa kimbilio la mtoto wa Mji wa Kale, kilikuwa mahali pengine pa kujihadhari. Shihabuddin Chiraghdin, msomi na mwalimu wa Mombasa aliyefariki mwaka 1976, alifanya kazi kubwa ya kuirudishia lugha ya mji huo heshima yake. Alihariri Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir, iliyotoka 1971, na pamoja na Mathias Mnyampala aliandika Historia ya Kiswahili, iliyochapishwa 1977. Kazi za namna hiyo zilimpa mwalimu hoja ya kitaalamu ya kuipokea sauti ya mtoto jinsi ilivyo kabla ya kuielekeza kwenye usanifu.

Mbinu mpya ya 1957

Jaribio kubwa la kwanza la kuwafanya watoto wa Kenya waseme darasani lilianza mwaka 1957, wakati idara ya elimu ilipoanzisha Kituo Maalumu mjini Nairobi. Chanzo chake kilikuwa shule za Wahindi. Humo watoto walianza masomo kwa Kigujarati, Kipunjabi au Kiurdu, kisha wakahamia Kiingereza, na uhamaji huo ulionekana kuwa mgumu. Iliamuliwa kwamba waanze na Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mpango huo ulipelekwa katika shule za Waafrika, na kwa muda mfupi ukaenea sehemu nyingi za nchi kwa msaada wa vitabu vya mfululizo ulioitwa Peak.

Mpango huo haukuwa wa lugha peke yake. Ulikuwa pia na falsafa ya ufundishaji ambayo kwa wakati wake ilikuwa ya maendeleo. Mwalimu alitakiwa aondoke mbele ya ubao. Madawati yalipangwa kwa vikundi vidogo. Watoto walishika vitu, walihesabu vifuniko vya chupa na mbegu, walitazama picha wakaambizana walichokiona. Kutenda kulitangulia kukariri, na mazungumzo ya mtoto kwa mtoto yalihesabiwa kuwa ni kazi, si utundu. Kwa upande wa msikilizaji na kwa upande wa kosa, hili lilikuwa badiliko jema. Mtoto alirudishiwa kikundi kidogo cha kumsikiliza, kama alivyokuwa chuoni, na safari hii akaongezewa maana.

Lakini mlango uliofunguliwa kwa mkono mmoja ulifungwa kwa mwingine. Mtoto aliambiwa aseme, kisha akaambiwa asiseme ila kwa lugha asiyoijua. Hali ya Ganjoni inaonyesha ugumu huo waziwazi. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni mtaa huo ulikaliwa sana na watu wenye asili ya Bara Hindi. Baada ya uhuru wa 1963 na kuondolewa kwa ubaguzi wa rangi shuleni, darasa moja la eneo hilo liliweza kuwaweka pamoja mtoto asemaye Kikachi au Kigujarati nyumbani, mtoto wa Mji wa Kale asemaye Kimvita, na mtoto wa mfanyakazi wa bandari au wa reli asemaye Kitaita, Kikamba au Kijaluo. Watoto hao walikuwa na lugha moja tu waliyokwisha kuimiliki pamoja, nayo ni Kiswahili cha njiani na dukani. Hiyo ndiyo lugha ambayo wangeweza kubishana nayo juu ya hesabu au juu ya mbegu iliyoota. Hiyo hiyo ndiyo iliyoachwa nje ya kikundi.

Tume ya Ominde, katika taarifa yake ya 1964, iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na ikapendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima. Sababu zake zilieleweka katika nchi changa yenye lugha nyingi na yenye haja ya umoja. Hata hivyo somo lisilotahiniwa ni somo yatima. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi wa miaka hiyo Kiswahili hakikuwamo, na vipindi vyake viliweza kuazimwa na masomo mengine bila ya mtu kulalamika.

Pamoja na hayo paliendelea, katika shule nyingi za Kenya, desturi ya kumwadhibu mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na fikra za Mwafrika, ameeleza mambo yalivyokuwa katika shule aliyosoma Limuru baada ya kutangazwa kwa hali ya hatari mwaka 1952. Mtoto aliyeshikwa alipigwa, au alivishwa shingoni kibao cha chuma chenye maneno ya kumdhalilisha. Na ili apatikane, kifungo kilikabidhiwa mtoto mmoja asubuhi, naye akampa aliyesikika akikosea, na huyo akampa mwingine, hata jioni wakajulikana wote. Ubaya wa desturi hiyo hauko katika adhabu peke yake. Ilimgeuza mwenzi kuwa mpelelezi. Msikilizaji, ambaye ndiye sababu ya mtu kusema, akawa ndiye sababu ya kunyamaza.

Umati wa 1974 na mitihani ya baadaye

Mwaka 1974 karo ya madarasa manne ya mwanzo iliondolewa, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ikaruka kutoka kiasi cha milioni 1.8 hadi karibu milioni 2.8. Ilikuwa hatua ya haki, lakini walimu waliofunzwa hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mbinu ya vikundi huhitaji nafasi, vifaa na mwalimu aliyeandaliwa. Palipokosekana vitatu hivyo, safu zilirudi na kuitikia kwa pamoja kukarudi. Mwalimu alisema nusu ya neno, na darasa zima likamalizia. Kwa sikio la mpita njia kelele hizo zilifanana na za chuoni, lakini tofauti ilikuwa kubwa: chuoni kila sauti ilikuwa na somo lake, hapa sauti sitini zilikuwa na neno moja, na asiyejua alijificha ndani ya anayejua.

Tume ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba miaka mitatu ya kwanza ifundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima lenye kutahiniwa. Pendekezo la pili lilitimizwa mwaka 1985 pamoja na kuanza kwa mfumo wa 8-4-4, Kiswahili kilipoingia katika mtihani wa darasa la nane. Huo ulikuwa ushindi ambao walimu wa Kiswahili walikuwa wakiungojea. Lakini mtihani ulipima kusoma, sarufi na insha. Haukuwa na sikio. Kinachotahiniwa ndicho kinachofundishwa, na kwa kuwa kusema hakukutahiniwa, kusema kuliachwa. Hata katika mtihani wa sekondari wa Kiingereza, stadi za mazungumzo zilipoingizwa zilipimwa kwa kalamu na karatasi. Mwanafunzi aliandika namna ambavyo angesema, lau angesema.

Utafiti wa baadaye ulithibitisha yaliyokuwa yakionekana. Ailie Cleghorn, Marilyn Merritt na Jared Abagi, waliochunguza masomo ya sayansi katika shule za msingi za Kenya na kuchapisha matokeo yao 1989, walionyesha kwamba wanafunzi walifahamu zaidi pale mwalimu alipoweza kuchukua maneno ya lugha yao, na kwamba kushikilia Kiingereza peke yake kulizuia ufahamu. Mwaka 2001 Jim Ackers na Frank Hardman walieleza jinsi mazungumzo ya darasani yalivyotawaliwa na mwalimu: maelezo marefu, maswali yenye jibu moja, na maitikio ya pamoja. Mwaka huo huo viboko vilipigwa marufuku shuleni. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa tena, na wanafunzi wakaongezeka kutoka kiasi cha milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Hofu moja ilipunguzwa kwa sheria, na umati ukarudi palepale.

Ushahidi wa Tanzania

Huenda ikadaiwa bado kwamba haya yote ni hali za nje, na kwamba kiini cha kimya ni malezi ya Mwafrika. Hapa Tanzania inatoa ushahidi ambao Kenya haiwezi kuutoa. Huko elimu ya msingi imefundishwa kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, na ya sekondari kwa Kiingereza. Mtoto aliyesema, akauliza na akajibu kwa miaka saba hufika kidato cha kwanza akanyamaza ghafla. Wazazi wake ni wale wale, adabu yake ni ile ile, na hata walimu wametoka katika jamii ile ile. Kilichobadilika ni lugha.

Mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 na uliowashirikisha watafiti wa Tanzania, Afrika ya Kusini na Norwei, ulilijaribu jambo hilo kwa kulinganisha madarasa. Halima Mwinsheikhe na wenziwe walikuta kwamba somo lile lile la sayansi likifundishwa kwa Kiswahili, wanafunzi waliuliza, walibisha na walieleza. Likifundishwa kwa Kiingereza, walisubiri mwalimu aseme ili wanakili. Ikiwa kimya huja na kuondoka pamoja na lugha, basi si tabia ya mtoto, bali ni jibu lake kwa hali aliyowekwa.

Hitimisho

Mtaala wa umilisi, ambao muundo wake ulitolewa 2017 na ambao ulianza katika madarasa ya mwanzo nchini Kenya Januari 2019, umeyataja mawasiliano na ushirikiano katika umilisi wa msingi. Umeweka kusikiliza na kuzungumza kuwa fungu la kwanza katika somo la Kiswahili, na umeelekeza kwamba lugha ya eneo itumike katika miaka ya awali hadi gredi ya tatu. Mtihani wa zamani wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na Katiba ya 2010 ilikwisha kukifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Kwa maandishi, basi, vizuizi vingi vilivyoelezwa hapa vimeondolewa.

Lakini historia ya Mombasa inatoa tahadhari. Mbinu ya 1957 nayo ilikuwa njema kwa maandishi. Kila mara mwanafunzi alipoitwa aseme, jambo moja katika yale matatu lilisahauliwa: alipopewa kikundi alinyimwa lugha, alipopewa somo la lugha alinyimwa sikio la mtihani, na alipopewa sikio, lahaja yake ilihesabiwa kosa. Katika mji kama Mombasa lugha ya eneo haihitaji kutafutwa, imo vinywani mwa watoto wanapoingia langoni. Inahitaji kuruhusiwa si katika kipindi cha Kiswahili peke yake, bali katika hesabu na sayansi, mtoto ajadiliane kwanza na jirani yake kabla ya kusimama mbele ya wote, na afike kwenye usanifu au kwenye Kiingereza akiwa na jambo la kusema. Walimu wanaoandaliwa hawana budi kufunzwa kuzisikia lahaja, ili wapambanue tofauti na kosa. Na wapimaji hawana budi kukubali kwamba kusema hupimwa kwa kusikiliza.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Methali hiyo humtia moyo anayeuliza, lakini inamwelekea pia anayeulizwa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye uwezo wa kuligeuza swali kuwa ujinga kwa kulicheka, au kuwa elimu kwa kulipokea. Adabu ya mtoto wa Pwani haikupata kumzuia kusema mahali aliposikilizwa. Wajibu wa kwanza, basi, ni wa msikilizaji.